Kanisa likifungwa, liwe nini? Tulinganishe njia zilizokwisha kujaribiwa

Barua ya jimbo huja na maneno ya upole. Parokia tatu zinaunganishwa, makanisa mawili "hayatahitajika tena", waamini wanaombwa kutoa maoni kabla ya mwezi fulani. Wakatoliki wanaosema Kiswahili walioko Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Kanada na Marekani wanazidi kukutana na barua za namna hii. Wengine wako upande wa pili wa meza, kwa kuwa mapadre waliotoka Tanzania, Kenya na Kongo wanaohudumu katika parokia za Ujerumani si wachache. Mtu aliyekulia parokia inayochangisha mabati na saruji ya kigango kipya kila mwaka ataona ajabu kukaa kikao cha kujadili kanisa lisilo na watu. Lakini kikao kipo, na kura yake inahesabiwa.

Hali yenyewe haina mjadala. Mwaka 2022 pekee, Wakatoliki 522,821 walijitoa rasmi Kanisani huko Ujerumani, na kila anayejitoa huacha kulipa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kutegemea mkoa anaoishi. Waliofika Misa ya Jumapili mwaka huo hawakufikia 6 katika kila Wakatoliki 100. Uholanzi, Kardinali Willem Eijk wa Utrecht alikuwa ametabiri tangu 2013 kwamba theluthi mbili ya makanisa Katoliki ya nchi hiyo yangefungwa kufikia 2025. Quebec, mkoa wa Kanada ambako orodha iliyofanywa mwaka 2003 ilihesabu nyumba za ibada 2,751 za madhehebu yote, imekuwa ikiyabadilisha makanisa kwa mamia.

Ninapolinganisha mapendekezo natazama mambo machache. Ukumbi mkuu utabaki chumba kimoja, au utakatwa vipande? Mtu asiye na pesa ataweza kuingia? Biashara ikianguka, vilivyojengwa ndani vinaweza kung'olewa bila kuumiza kuta? Na paa litatengenezwa kwa pesa ya nani? Hilo la paa ndilo linaloua mapendekezo mengi mazuri.

Sheria ya Kanisa inasemaje

Kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa inampa askofu uwezo wa kulitoa kanisa katika ibada na kulipeleka kwenye matumizi ya kawaida, mradi matumizi hayo yasiwe ya aibu. Kama jengo bado linatumika lakini kuna sababu nyingine nzito, ni lazima kwanza asikilize Baraza la Mapadre, apate ridhaa ya wenye haki juu ya kanisa hilo, na ahakikishe roho za watu hazipati hasara. Altare ina sheria yake. Kwa kanuni ya 1238, kanisa likipoteza utakatifu wake altare haipotezi. Kwa hiyo huondolewa kabla jengo halijakabidhiwa, na masalia ya watakatifu yaliyomo hutolewa kwa heshima.

Mwishoni mwa 2018 kulifanyika mkutano mkubwa Roma, kwenye Chuo Kikuu cha Gregoriana, ukatoa miongozo ambayo kwa maoni yangu kila mjumbe wa halmashauri ya parokia angeisoma kabla ya kupiga kura. Inapendelea matumizi ya utamaduni na ya huruma: maktaba, makumbusho, karakana za sanaa, zahanati, jiko la maskini. Biashara ya kulangua majengo inaikataa. Makazi ya watu binafsi inayaruhusu, ila kwa majengo madogo yasiyo na thamani ya usanifu. Katika ujumbe wake kwa mkutano huo, Papa Fransisko alimkumbusha kila mtu habari ya Mtakatifu Laurenti, shemasi aliyeuza vyombo vya thamani vya ibada akawapa maskini. Kwa hiyo anayesema kuuza kanisa ni dhambi moja kwa moja, hana Roma upande wake.

Vitabu na bia

Maastricht, kusini mwa Uholanzi, kuna kanisa la Wadominiko lililotabarukiwa mwaka 1294. Halikufungwa kwa uhaba wa waamini. Watawa walinyang'anywa mwaka 1794, jeshi la mapinduzi la Ufaransa lilipouteka mji, na kwa miaka 200 iliyofuata likawa zizi la farasi, ghala, hata mahali pa kuegesha baiskeli. Mwaka 2006 likawa duka la vitabu. Wasanifu wa Merkx+Girod walibanwa pande mbili: duka lilihitaji nafasi kubwa kuliko sakafu iliyokuwepo, na kuta za kale haziguswi. Wakasimamisha rafu kubwa mno ya chuma yenye ghorofa, imesimama yenyewe upande mmoja wa ukumbi, mteja anapanda ngazi kati ya vitabu mpaka anakaribia dari. Upande wa pili wakauacha mtupu, na urefu wa kanisa unaonekana wote. Mchoro wa mwaka 1337 wa Mtakatifu Thoma wa Akwino umehifadhiwa humo humo. Palipokuwa altare kuna mgahawa wa kahawa, na meza yake kubwa ina umbo la msalaba. Hapo mimi ningewaambia wapunguze ubunifu.

Sasa tazama Pittsburgh, Marekani. Kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, lililojengwa mwaka 1902, lilifungwa mwaka 1993, na mwaka 1996 likafunguliwa upya kama mgahawa wenye kiwanda kidogo cha bia. Mabenchi yalifupishwa yakawa viti vya walaji. Matangi ya kutengenezea bia, yanayong'aa, yamesimama palepale palipokuwa altare, yamemulikwa kwa taa.

Kwa vipimo vya ujenzi kazi hizi mbili zinakaribiana. Zote ni biashara, zote zimeuacha ukumbi mzima, zote zimeliokoa jengo ambalo lingeoza. Tena bia yenyewe haina kosa. Watawa wa Kitrapisti wa Westvleteren huko Ubelgiji wanaipika mpaka leo na kuiuza kwa ajili ya kuendesha monasteri. Tofauti iko kwenye mlango na kwenye altare. Maastricht mtu anaingia, anazunguka, anatazama michoro, anatoka bila kununua hata kalamu, wala hakuna anayemuuliza. Pittsburgh unaingia kama mteja. Na matangi yale pale mbele hayakuwekwa hapo kwa bahati mbaya: nafasi ya altare imetumiwa kuwa jukwaa la bidhaa. Bibi aliyefungia ndoa hapo ana haki ya kuudhika, hata kama sheria haikuvunjwa.

Maastricht imepita pia mtihani wa kuanguka. Mwaka 2014 kampuni iliyolimiliki duka ilifilisika. Wafanyakazi wakaomba mchango kwa wasomaji, zikapatikana zaidi ya euro 100,000 kwa muda mfupi, na duka likaanza kujitegemea. Hata lingekufa, ile rafu ya chuma ingefunguliwa na kuondolewa, kanisa likabaki kama lilivyokuwa.

Bado, kati ya duka na maktaba ningechagua maktaba. Jijini Quebec kuna kanisa la Saint-Denys-du-Plateau, la mwaka 1964, kazi ya msanifu Jean-Marie Roy, lenye paa la mteremko mkali linaloshuka karibu na ardhi. Tangu 2013 ni maktaba ya umma, inaitwa Monique-Corriveau. Rafu na meza za kusomea ziko kwenye ukumbi mkuu, shughuli nyingine zikasukumwa kwenye jengo la nyongeza. Mlango uko wazi kwa kila mtu, mtoto wa mhamiaji anafanya humo kazi zake za shule, na paa ni la serikali ya mji. Faida ya duka inategemea mwezi ulivyokwenda. Bajeti ya mji ina misukosuko yake, lakini haifi kwa sababu watu wameacha kununua riwaya.

Fleti

Hii ndiyo ofa inayokuja haraka kuliko zote na yenye bei nzuri kuliko zote. South Boston, kwa mfano, kanisa la Watakatifu Petro na Paulo limekuwa fleti. Ubaya wake ni kwamba kanisa likishakatwa sakafu tano halirudi. Dirisha la vioo vya rangi linagawanywa: mtu wa ghorofa ya pili anabaki na miguu ya mtume, wa ghorofa ya tatu anapata kichwa. Na kila fleti ina mmiliki wake, kwa hiyo hata miaka 50 ijayo hakuna wa kuzungumza naye.

Kuna na hatari ya mwekezaji kushindwa njiani. Gorton, mjini Manchester, Wafransisko walikuwa na kanisa na nyumba ya watawa vilivyochorwa na Edward Welby Pugin na kujengwa kati ya 1863 na 1872. Waliondoka mwaka 1989. Mjenzi aliyenunua kwa nia ya kufanya fleti alifilisika, jengo likaachwa bila mlinzi, wezi na wahuni wakaingia. Sanamu za watakatifu zilikuja kuonekana kwenye orodha ya mnada wa Sotheby's, zikiuzwa kama mapambo ya bustani, na baraza la jiji likalazimika kuzinunua. Wenyeji walianzisha mfuko wa hisani, na mwaka 1997 wakalinunua jengo kwa pauni 1. Bei hiyo inachekesha mpaka usikie ukarabati: takriban pauni milioni 6, kutoka mifuko ya urithi na ya Ulaya. Lilifunguliwa tena mwaka 2007 kwa ajili ya harusi, matamasha, mikutano na kazi za jamii.

Anayeliotea kanisa lake njia ya Gorton ahesabu na miaka. Toka watawa waondoke hadi milango ifunguliwe ilipita miaka 18. Kundi la walei linaweza kufanikiwa, lakini linahitaji mtu anayejua kuandika maombi ya ruzuku na ana moyo wa kuandika la pili baada ya la kwanza kukataliwa.

Parokia isipouza: watoto au marehemu

Njia mbili hizi hazizungumzwi sana, nami nadhani kwa parokia ndogo ya Ujerumani ndizo za kutazamwa kwanza, kwa kuwa jengo linabaki mikononi mwa Kanisa.

Münster kuna kanisa la Mtakatifu Sebastiani, la mwaka 1962, lenye umbo la yai. Wasanifu wa Bolles+Wilson waliligeuza kuwa shule ya chekechea, ikafunguliwa mwaka 2013. Vyumba vya watoto vimepangwa ndani ya ganda la kanisa, na eneo lililobaki, lenye dari refu, ni uwanja wa kuchezea usioguswa na mvua. Nchi yenye baridi miezi sita inajua thamani ya kitu hicho. Nafasi za chekechea ni adimu, kwa hiyo pesa za serikali hupatikana, na parokia inapata tena kelele za watoto ambazo Jumapili zilikuwa zimekwisha.

Ya pili inahitaji moyo. Kwetu mtu akisikia maiti imechomwa anafikiria desturi ya Wahindu, na wengi hawajui kwamba Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hilo tangu 1963. Mwaka 2016 Roma iliongeza masharti: majivu yasitawanywe, yasiwekwe sebuleni, yahifadhiwe mahali patakatifu. Ujerumani, ambako wengi sasa huchomwa, hapo ndipo makanisa matupu yalipopata kazi. Kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Aachen limekuwa mahali pa kuhifadhia majivu tangu 2006. Erfurt, upande wa mashariki uliokuwa wa kikomunisti na ambako Wakristo ni wachache, kanisa la Watakatifu Wote lilifuata mwaka 2007, tena kwa namna ya busara: vyombo vya majivu viko sehemu moja ya kanisa, sehemu nyingine Misa inaendelea, na nafasi hazikuwekwa kwa ajili ya Wakatoliki tu.

Kwa vipimo vyangu njia hii inashinda karibu kote. Ukumbi haukatwi. Mlango uko wazi, maana jamaa wa marehemu wanakuja siku yoyote. Sala haikatiki. Familia hulipia nafasi kwa miaka kadhaa, na pesa hiyo inatengeneza paa. Tatizo ni soko: mji mmoja hauwezi kuwa na makanisa sita ya majivu. Tena ukishaweka marehemu humo, umejifunga; huwezi kubadili mawazo baada ya miaka mitano kwa sababu hoteli imetoa bei nzuri.

Michezo na hoteli, kwa kifupi

Llanera, Uhispania, kanisa la Santa Bárbara lilijengwa mwaka 1912 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha baruti. Vijana wa skeitibodi walilikuta gofu, na mwaka 2015 msanii Okuda San Miguel akalipaka dari na kuta rangi zote za dunia. Sherbrooke, Quebec, watu wanapanda kuta za kanisa la Christ-Roi kwa kamba, kama mchezo. Faida ya michezo ni kwamba inapenda urefu, haikati ukumbi, na inaleta vijana wasiokuwa na habari na Kanisa. Hasara ni kipato kidogo. Ni njia nzuri kwa jengo lisilo na michoro wala vioo vya thamani. Gurudumu la skeitibodi halina adabu kwa marumaru.

Hoteli ina pesa. Kruisherenhotel, Maastricht hiyo hiyo, iko kwenye monasteri ya karne ya 15 tangu 2005, na jengo limetunzwa vizuri sana. Ila ni kwa anayemudu bei ya chumba. Linganisha na Chic Resto Pop ya Montreal, ndani ya kanisa la zamani la Saint-Barnabé, inayouza chakula cha bei nafuu kwa mtaa wa watu wa kipato cha chini. Msosi ni msosi, lakini Laurenti shemasi angeketi kule.

Kuwaachia wengine wasali

Preston, kaskazini mwa Uingereza, kanisa la Mtakatifu Ignasi lilifungwa Desemba 2014. Wiki chache baadaye likakabidhiwa kwa Wakatoliki wa Syro-Malabar, wahamiaji kutoka Kerala, India. Mwaka 2016 likawa kanisa kuu la jimbo lao jipya. Hakuna altare iliyohamishwa, hakuna ukuta uliovunjwa. Kama mtaani kwenu kuna Waeritrea, Waukraine au Wakongo wanaosali kwenye ukumbi wa kukodi, swali hili liulizwe kabla ya mengine yote. Liulizwe pia kuhusu sisi wenyewe: Misa ya Kiswahili inasomwa sasa kwenye parokia kadhaa za Marekani kwa sababu ya wakimbizi waliotoka Kongo, mara nyingi saa saba mchana, baada ya wenyeji kumaliza zao.

Lakini tusijidanganye. Familia 80 za wakimbizi haziwezi kupasha joto kanisa la watu 800. Kupewa kanisa bila kupewa pesa ya paa ni kupewa deni lenye mnara wa kengele. Jumuiya ikubali kwa masharti: jimbo libaki na jengo na matengenezo makubwa, jumuiya ibebe umeme, usafi na matumizi ya kila siku.

Na msikiti? Maaskofu wa Ujerumani walisema hapana katika mwongozo wao wa 2003, wakieleza kwamba ishara yake ingewaumiza waamini. Wao wanapendelea Wakristo wengine, hasa Waorthodoksi. Kwingine imewezekana. Rozengracht, Amsterdam, kanisa lililokuwa la Wajesuiti ni msikiti wa Fatih tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupitia kuwa duka la mazulia. Syracuse, jimbo la New York, kanisa la Utatu Mtakatifu lilinunuliwa, misalaba ikashushwa kwa idhini ya mamlaka ya mji, na jina la msikiti likawa la Isa bin Maryamu. Mkatoliki anaweza kukereka na hilo au kuliona ni heshima. Mimi, niliyekulia mtaa ambao adhana na kengele vinapokezana, naona bora nyumba ya Mungu iliyobaki na watu wanaopiga magoti kuliko ile yenye matangi ya bia. Najua wapo waamini, na hasa waliokimbia vita, wasioweza kulisikia hilo, na askofu anayewasikiliza hao hakosei.

Mkataba, na siku 10

Lolote litakalochaguliwa, mnunuzi wa kwanza huwa mtu mzuri. Shida ni wa pili. Kwa hiyo matumizi yaliyokatazwa yaandikwe kwenye hati ya mauzo yenyewe, yamfuate kila atakayenunua baadaye, na jimbo lipewe nafasi ya kwanza ya kulinunua tena. Vitu vya ndani viorodheshwe kimoja kimoja na kupigwa picha kabla ya funguo kutoka: kengele, kinanda, sanamu, njia ya msalaba. Gorton wameshatuonyesha sanamu zinavyosafiri. Ufaransa mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa makanisa mengi yaliyojengwa kabla ya sheria ya 1905 ni mali ya serikali za mitaa, kwa hiyo meya ndiye wa kuongea naye, ingawa bila askofu kukubali hawezi kuliondoa katika ibada.

Na kama parokia haikubaliani na kufungwa kwenyewe, saa inaanza kuhesabu siku hati inapotangazwa. Una siku 10 za kumwandikia askofu huyo huyo kumwomba abadili uamuzi, na akikataa, siku 15 za kupeleka rufaa Roma. Kukaa ndani ya kanisa hakufiki mbali: waamini wa Mtakatifu Frances Xavier Cabrini huko Scituate, karibu na Boston, walilinda kanisa lao kwa zamu zaidi ya miaka 11, wakaondoka Mei 2016 bila kupata walichotaka. Wa Cleveland, Ohio, walifuata karatasi, na mwaka 2012 Roma ikatengua kufungwa kwa parokia 13. Katika barua msiandike mnavyolipenda kanisa. Andikeni hesabu. Mwongozo wa Roma wa 2013 unasema mpango wa jimbo wa kupunguza makanisa, au kuunganishwa kwa parokia, peke yake si sababu nzito ya kulitoa kanisa katika ibada. Ukosefu wa pesa nao lazima uthibitishwe. Ombeni nakala ya makadirio ya ukarabati, mpelekeeni fundi wenu wa paa ayasome, na maelezo yake yaambatanishwe.